Udongo wa Sijida

Usiku wa saba wa Muharram, Iganga,
walibisha kwa kitako cha bunduki.
Kiswahili huku Busoga
huja kimevaa buti.
Mama anajua maneno yake matatu tu:
fungua, lala, kimya.

Tukalala kifudifudi uani pa huseiniya,
wanaume upande wa choo,
sisi kwenye majivu ya jiko la jana.
Wali wa majilisi ukaungua.
Hakuna aliyeruhusiwa kuinuka kuuepua.

Walibeba kompyuta ya madrasa, daftari la michango,
na bendera nyeusi niliyokuwa naishona,
sindano ingali imechomekwa pindoni.
Kisha kikapu cha vidonge vya udongo.
Afisa alinusa kimoja, akakigonga ukutani,
akakiweka sikioni.

"Hiki nini?"
Shehe Muzamiru akajibu, shavu lingali chini:
"Udongo, afande."
"Wa nini?"
"Wa kuwekea paji la uso."
"Umetoka wapi?"
Akasema kweli: "Karbala."
Kalamu ikaandika muda mrefu.

Aliyeshika tochi ni Okiror, mtoto wa ng'ambo ya reli,
aliyekunywa sharubati yetu kila Ashura
tangu hajang'oa jino la kwanza.
Mwanga wake ulinifika usoni, ukaruka
kama mtu arukavyo dimbwi.

Waliondoka na watu tisa
katika gari lisilo na namba.
Hamuza wangu alipanda wa sita,
kiatu kimoja.

Nimekwenda kituoni siku nne mfululizo.
Wanafungua daftari, wananionyesha:
udongo umo.
Vipande arobaini na kimoja, tarehe, sahihi, muhuri.
Watu hawamo.
Watu gani, mama? Hapa hatukuleta watu.

Alfajiri ya leo Mama amechana jani kavu la mgomba,
amelikunja mara nne, amesujudu.
Mimi nimeokota kipande cha tofali
pale mlango ulipong'oka na ukuta wake:
udongo wa hapa hapa, mwekundu,
uliochomwa na Hamuza mwenyewe
mwaka tulipochangishana kujenga.

Vumbi limebaki kwenye paji.
Sikulifuta.
Nimetembea nalo sokoni, nimepita nalo kituo cha mafuta,
nimesimama nalo mbele ya meza ya Okiror,
na kwa Kiswahili, asije akadai hakuelewa,
nimemwambia:
kimebaki hiki.
Andika.