Viatu vya Safari Hiyo

Mama aliniita kutoka Regina, kilomita mia mbili za theluji,
wala si kwa kuwa alikuwa anaumwa.
"Njoo tupange," alisema kwenye simu,
kwa sauti ileile ya kuniita tuchambue viazi.

Chini ya kitanda, boksi lililowahi kubeba makopo ya pichi.
Ndani yake gauni la bluu ambalo halijavaliwa,
bei bado inaning'inia kwapani: dola arobaini na tisa;
kitambaa cha kichwa alichokitarizi bibi yake
katika kijiji cha Ukraine ambacho ramani zimekisahau;
soksi za sufu ("Ardhi ya huku, Orysia, haina huruma")
na viatu vyeusi vya kisigino kifupi.

Kisha daftari la shule.
Ukurasa wa kwanza, benki, na jina la karani mwenye adabu.
Wa pili, bima, kodi ya ardhi,
na mtu wa kunyonya shimo la choo:
asilipwe zaidi ya mia na themanini.
Wa tatu, kuku wapewe Bi Halvorson.
Jogoo asipewe mtu yeyote ninayempenda.

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Alivaa miwani akasoma kama wakili:
Nikishindwa kumeza, msinilazimishe mrija.
Nikisahau majina yenu msinisahihishe,
itikieni lolote nitakalowaita.
Nikifa Januari, msiteketeze pesa kuyeyusha udongo kwa gesi.
Mochari wana nafasi. Nitangoja Mei.
Nimewahi kungoja mambo makubwa kuliko hayo.

"Mama, tunywe chai kwanza."
"Chai haikimbii. Anayekimbia ni mimi."

Ukurasa wa saba ulikuwa umeandikwa, ukafutwa,
ukaandikwa tena, hadi karatasi ikakonda ikapitisha mwanga.
Juu yake jina moja: Zenon.
Kaka yangu. Miaka kumi na mmoja
tangu shamba la kaskazini liuzwe kwa neno la hasira,
na hakuna simu ya Krismasi iliyotoka Alberta ikafika huku.

Nilitarajia msamaha, au laana,
vile vitu ambavyo watu huviweka akiba kwa siku ya mwisho.
Palikuwa pameandikwa tu:
Zenon abebe mbele, upande wa kushoto.
Ndiye mrefu. Sitaki kwenda nikiwa nimeinama.
Apewe ufunguo wa trekta la kijani.
Haliwaki. Yeye anajua pa kugonga.

Nikauliza, nimwambie nini?
Akatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu,
weupe mtupu, na nguzo za umeme zikifupika
moja baada ya moja hadi jicho linapochoka.
"Mwambie mimi ni mzito.
Mwambie asije na viatu vya mjini."

Tuliendelea hadi taa ikawashwa.
Sufuria kubwa, kwa binti yangu, kwa kuwa hupika bila kupima.
Picha ya mtoto aliyeishi siku nne
iwekwe chini ya kiganja changu cha kulia, na mtu asiulize.
Sikuuliza. Nilikuwa sijui kwamba alikuwapo.
Niliandika: kiganja, kulia.

Ndipo akavikumbuka viatu.
"Niliviagiza kwa posta, sikuvijaribu.
Mtu hawezi kuingia milele vidole vikimuuma."
Akavivaa. Akatembea kutoka jikoni hadi mlangoni,
akarudi, akageuka, akapiga sakafu kwa kisigino
kama msichana anayechagua vya harusi.
"Vinabana kidogo. Vitalegea."
Akachukua ndoo ya mahindi
akatoka navyo, usiku ule, kwenda kuwalisha kuku.

Nilitandika gazeti karibu na jiko la kuni.
Alirudi na theluji hadi kwenye vifundo,
na kinyesi cha yule jogoo kwenye soli.
Nikavisugua kwa maji ya moto, nikaviweka vikauke,
nikavirudisha kwenye boksi, juu ya gauni, alfajiri.

Nilipokuwa nikiwasha gari kuondoka
alisimama kizingitini kunipungia mkono.
Nilitazama miguuni. Alikuwa amevivaa tena.