Waya wa Piano

Strnadel alikuwa mtu wa piano.
Nalisema hili mapema, maana wanaokuja kuuliza
hudhani kiwanda kiliota pale mtoni, mabawa na vyote,
kama uyoga baada ya mvua.
La. Miaka thelathini na mmoja tuliuza piano
kwa wenye baa, kwa walimu, kwa mabinti wa waoka mikate,
na mbao zilikaa darini misimu saba zikikauka
kabla mtu hajathubutu kuzigusa kwa randa.

Kisha mwanawe, Bohumír, akarudi kutoka Vienna
na picha moja iliyokunjwa mara nne.
Akaitandaza juu ya piano ya harusi ya watu.
Msunobari tunao, akasema. Gundi tunayo.
Waya tunao, wa chuma kinachojua kuvumilia.
Kilichobaki ni kitani na wazimu.
Mzee hakujibu. Alifunika piano
polepole, kama anayefumba macho ya maiti.

Baba yangu, Alois Hruška, ndiye aliyekuwa sikio la kiwanda.
Wahandisi walikuja na vipimo vyao vya shaba;
yeye alipita kati ya bawa la juu na la chini
akigonga kila waya kwa ukucha.
Huu umelegea. Huu unalia. Huu uache, unaimba.
Wakipima, ni vilevile.

Mama alishona. Wanawake kumi na wanne, meza moja,
kisha vanishi: harufu ya peasi zilizoiva kupita kiasi,
kichwa kinaelea, mnacheka bila sababu,
mnatapika nyuma ya ghala.
Msimamizi aliwagawia maziwa.
Maziwa, dawa ya kila kitu.

Ndege ya kwanza ilikwama mlangoni,
kwa kuwa mlango ulipimwa kwa piano.
Ukuta ukabomolewa.
Malishoni, mabata bukini wa mjane Vondrová
walikimbia mbele yake wakipiga mabawa,
na kwa kitambo usingejua nani anamfundisha nani.
Iliinuka kimo cha ua wa mchongoma. Ikashuka vibaya.
Bohumír alivunjika mkono, akacheka hadi machozi.
Ningeweza kuishia hapo. Hapo ndipo ninapopapenda.

Lakini vita vilikuja na daftari lenye mistari.
Ndege tatu kwa mwezi, kisha tisa, kisha ishirini.
Mbao hazikungoja tena misimu saba;
zilingoja wiki tatu, kando ya jiko.
Baba aligonga, akasikiliza, akasema:
Mti huu bado una maji.
Afisa akasema: Andika "safi".

Akaandika.

Namba themanini na nane ilirudi kwa gari moshi
ndani ya makreti mawili, vipande, udongo bado umeshika.
Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomla.
Nyumbani piano yetu iliwekewa vyungu vya maua
na hatukuambiwa kwa nini.

Vita vilipokwisha, mdeni wetu wa ndege arobaini
hakuwapo tena: mfalme, muhuri, wizara,
hata jina la nchi juu ya bahasha.
Utambishia hodi nani?
Bohumír alijaribu kurudia piano,
lakini mikono ilikwisha kuzoea haraka.
Akauza kitani kwa kilo, na mji mzima ukavaa mabawa:
mapazia, aproni, mashuka ya wagonjwa.
Shati langu la kwanza la shule lilikuwa gumu kwa vanishi,
likitatarika nilipoinua mkono kujibu swali.

Mnaniuliza kilichobaki.
Kuna waya uani, kati ya mpeasi na kibanda cha kuni.
Naanikia nguo. Upepo ukitoka milimani
unatoa sauti, si mbaya.
Naugonga kwa ukucha nikipita.
Umelegea kidogo.
Kesho nitaukaza, mvua isiponyesha.