Mstari wa Waliochelewa

Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori
iliyofungwa kwa waya kwenye goli bovu.
Sechelela aliigonga kwa nondo saa moja kasoro robo,
si kasoro kumi na nne, si kasoro kumi na sita,
na hata mbuzi wa kina Mhembano huko bondeni
walijua sasa ni shule.

Mwezi wa sita upepo wa Handali hauna adabu:
huingia ndani ya kaptula, hung'ata magoti,
hutupaka vumbi kabla hatujafika mstarini.
Nasi mikono mbele, kucha juu,
Mwalimu Yaledi apite taratibu
kama anayenusa uongo katikati ya vidole.
"Nani hakufagia zamu yake?"
Hakuuliza mara mbili.
Ukinyamaza, naye ananyamaza,
na kimya chake kilikuwa na uzito,
ungeona heri angekuchapa.

Darasani, daftari la mistari minne.
Mkia wa g usivuke mpaka.
"Herufi ikilewa leo, kesho utalewa mkono."
Nilimchukia. Nasema kweli,
maana ndiye aliyenifundisha kuisema.
Nilimchukia kwa jedwali la saba,
kwa ukurasa mzima niliourudia
kwa sababu ya nukta moja.

Kisha ile Jumanne.
Ringi ililia, tukajipanga,
mbele hapana mtu.
Tukahesabu namba. Tukakaguana kucha wenyewe,
wala hakuna aliyetutuma.
Saa moja na dakika ishirini
ikatokea baiskeli inasukumwa,
tairi la nyuma limelala,
mwiba wa mgunga bado umo.

Hakwenda ofisini.
Aliegemeza baiskeli ukutani,
akasimama nyuma ya Ndahani na Chedego
katika mstari wa waliochelewa:
mtu mzima, mvi masikioni,
suruali ina mkunjo wa pasi ya mkaa.
Daftari likamtetemeka Sechelela mkononi.
"Andika," alimwambia. "Jina, na dakika."

Adhabu ilikuwa ndoo mbili kwa kila mmoja,
kutoka bombani hadi kwenye miche ya miarobaini
nyuma ya vyoo.
Ndahani akataka kumpokea.
"Hizi zangu," akasema,
akatembea, maji yakimlowesha kiatu.

Leo nina mizani yangu sokoni Majengo,
nauza karanga na ufuta.
Wapo wanaojua kulaza kidole chini ya sahani,
kidogo tu, mteja akigeukia mtoto.
Na iko miaka mvua inakataa,
nyumbani kunadaiwa sare na madaftari,
nami naona kidole changu kinasogea.

Sitasema hakijawahi kufika.

Ila jioni nikiandika hesabu,
mkia wa g unasimama wenyewe palepale,
juu kidogo ya mpaka,
na mahali fulani nyuma ya vyoo
nasikia maji yakicheza ndooni,
mtu mzima akihesabu hatua zake,
asimwage.