Saba Iliyoinama

Jumatatu ya mwisho ya Novemba, saa mbili kasorobo,
Zdzisław Wrzosek alishuka ngazi kuja ghalani kwangu,
ala ya ngozi iko mkononi, haiko tena kiunoni.
Theluji ya Radom ilikuwa bado imeganda viatuni mwake,
ikaanza kuyeyuka juu ya sakafu niliyoipiga deki sasa hivi.
Sikumgombeza. Mtu hustaafu mara moja.

"Onyesha," nikasema, maana ndiyo sheria.
Akachomoa magazini, akavuta chuma cha juu nyuma,
akanielekezea tundu tupu
kama mtoto anayeachama kinywa
athibitishe kwamba dawa ameimeza.
Nikachungulia.
Giza, na harufu ya mafuta.

Nikamwaga risasi juu ya blanketi la kijivu, nikahesabu:
nane, na nane.
Miaka ishirini na saba, na zote kumi na sita zimo.
Kitabu changu kina safu ya kueleza zilizopungua;
kwenye ukurasa wake kuna mstari mmoja tu, wa zamani,
risasi iliyotumika, ikalipwa nyingine:
*farasi, njia ya Szydłowiec, Februari.*

Akanisimulia palepale, sijamuuliza.
Lori la makaa ya mawe. Farasi jike, kahawia,
miguu ya mbele imevunjika na bado anajaribu kusimama,
anaanguka, anajaribu,
mwenye farasi amevua kofia, amegeukia shambani.
"Nilimwomba radhi," akasema. "Kwa sauti.
Nikamwita bibi."

Watu hudhani bastola ni mlio.
Mimi ninayelala na funguo zake nasema ni uzito:
kilo isiyotimia, kila siku, upande uleule wa kulia,
mpaka nyonga ikazoea kulegea,
mpaka fundi wa suruali akajua bila kupima
mguu upi aukate mfupi zaidi,
mpaka Halszka, mkewe, akawa anamtambua ngazini gizani
kwa hatua moja nzito na moja nyepesi.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nami nilizipanga rafuni mia nne,
nikazipangusa kila Ijumaa, nikaziona usufi.

"Nisomee namba," nikamwambia, kalamu tayari.
Akavaa miwani. Akasoma herufi mbili, tarakimu tatu,
akakwama.
"Saba imeinama."
"Saba ni saba," nikasema.
"Imeinama kushoto."
Kisha, taratibu, kama anayemwambia bastola wala si mimi:
mama yake, Genowefa, zamu ya pili,
kiwanda cha ng'ambo ya reli,
nyundo katika mkono wa kushoto,
msimamizi akimkata mshahara kwa ajili ya saba zake.
Jikoni kwao hata mitungi ya matango ya siki
ilibandikwa miaka iliyolalia upande.

Labda si yeye.
Meza ile ilikuwa na wanawake arobaini
na chuma hakina mwandiko.
Nilitaka kumwambia hivyo. Ulimi ulikuwa tayari.
Nikaisukuma fomu mbele yake badala yake.

Akapitisha kidole gumba juu ya namba,
akarudia,
kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha.
Zote hizi mwezi wa tatu zinakwenda kuyeyushwa;
vijana tayari wana mpya, nyepesi, za plastiki nusu.
Alijua. Hakuuliza.
Akatia sahihi, akanipa mkono, akapanda ngazi
ameegemea kulia, upande usio na kitu.

Nikaandika: bastola moja. Magazini mbili.
Risasi kumi na sita. Ala moja, mshono umefumuka.
Kwenye safu ya kasoro nikaandika *hakuna*.
Halafu nikatafuta dekio,
kwa kuwa theluji yake ilishakuwa dimbwi
na saa mbili na nusu wangekuja wengine.