Tutoe Mji

Saa nane usiku, juu ya Tišnov,
tumeketi ukingoni mwa tanuri la chokaa lililozimika
kabla babu zetu hawajaoana:
watu wanne, tochi nne za kichwani,
karatasi moja ya tarakimu
iliyokwisha kulowa pembeni.

"Kila mstari jumla yake ishirini," asema Květoslav,
fundi wa lifti, ahesabuye hata ngazi za kanisani.
Tukashangilia.
Kisha tukanyamaza, maana ishirini
haikutupeleka popote.
Tukajaribu alfabeti, mbele na kinyumenyume.
Tukajaribu Morse. Tukajaribu miaka ya wafalme.
Mvua nayo ikajaribu shingo zetu, ikafanikiwa.

Bondeni taa za timu nyingine zikapita zikicheka,
zikakata kushoto
kwa uhakika unaoudhi.

Radim akatoa bahasha ya nta.
Ukiivunja unaambiwa pa kwenda,
na alama zako zimeliwa.
"Tutoe mji," akasema.
"Chukueni Blansko, chukueni Brno na tramu zake zote,
nipeni godoro."
Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumefika pale
ambapo rafiki wa miaka kumi na tisa
anakukera kwa anavyotafuna tufaha.

Zdislava hakuwa amesema neno tangu fumbo la tatu.
Vidole vyake vilikuwa vikienda peke yao,
kitu na si kitu, hewani.
"Mama mkwe wangu," akasema,
"Mungu amrehemu, na amweke mbali nami,
alinikalisha majira matatu ya baridi
anifunze kufuma soksi. Hizi si herufi, jamani.
Ni macho ya uzi. Mawili mbele, mawili nyuma,
manne mbele, moja nyuma..."

Akachora kwa kalamu juu ya paja la suruali yake,
mstari kwa mstari, ulimi nje kama mtoto wa shule,
na mnara ukaota hapo gotini:
kuba lake kama kitunguu,
na ubavuni mti mmoja ulioinama.
Kikanisa! Kiko kwenye ramani, hiki hapa,
kati ya kontua mbili zilizokaribiana kama nyusi.

Tukashika dira, tukakimbia.
Dakika arobaini tukakimbia kwa imani kamili
hadi katikati ya shamba la shayiri
lisilopaswa kuwapo.
Kumbe kisu cha Radim, mfukoni, kando ya dira,
kilikuwa kikiivuta sindano kimyakimya
kama mtoto avutaye sketi ya mamake sokoni.
Hakuna aliyemlaumu kwa sauti.
Shayiri ilikuwa na umande, ikatulaumu yenyewe
mpaka kwenye soksi.

Mwisho wa safari ni saa mbili asubuhi.
Sisi tulifika saa mbili na dakika nne.
Bwana mwenye upawa wa supu akatazama saa,
akatazama viatu vyetu,
akaandika Konokono Wanne
chini ya ule mstari mwekundu,
kisha akatujazia bakuli hadi ukingoni.

Lakini fumbo la saba hatukulifungua:
viatu vinne vimechorwa,
kila kimoja kimefungwa kamba kwa namna yake,
basi, hakuna zaidi.
Karatasi ile ilifuliwa mara mbili ndani ya koti langu.

Novemba, kwenye foleni ya famasi,
nimepiga goti namfunga mwanangu kiatu,
naye anakohoa juu ya nywele zangu,
nikaiona kamba. Nikaisoma.
Ilikuwa herufi.
Nikabaki chini, watu wakanizunguka na dawa zao.

Nikampigia Radim. "Kinu," nikamwambia,
hata salamu sikutoa.
Upande wa pili kimya, kisha akicheka puani:
"Nimelijua tangu Agosti."
"Na hukuniambia?"
"Ningekuambiaje," akasema,
"na wewe hujatoa mji?"