Deraya ya Ghorofa ya Nne

Mwanangu Ziemek ana miaka kumi na sita
na maneno manne kwa siku:
ndiyo, sijui, baadaye, tayari.
Yalikuwa sita. Mawili yalihamia Szczecin
pamoja na baba yake na sanduku la bisibisi.

Basi Jumanne moja, theluji imeziba dirisha,
aliposimama mlangoni pa jikoni akasema, "Mama, nifunge,"
niliacha viazi vikachemka mpaka vikawa uji.

Alitaka nakala ya kiwiliwili chake
aijengee deraya ya yule mlinda lango
ambaye kila usiku hufa na kufufuka kwenye skrini yake.
Fulana kuukuu. Nailoni ya kufunikia mabakuli.
Kisha tepu ya kijivu, ya mafundi bomba,
ikilia krrr, krrr, mzunguko juu ya mzunguko.

Miaka ishirini na miwili nilikata nguo kiwandani, Łódź hii hii:
kola, makwapa, mapaja ya wanajeshi nisiowajua hata kwa jina.
Huyu sikumgusa tangu alipoanza kunikwepa koridoni
kama mtu anavyokwepa dimbwi.
Sasa kila mzunguko mikono yangu inakutana mgongoni mwake.
Ni hesabu tu. Tepu lazima ipite.
"Vuta pumzi," nikamwambia, "fundi hapimi mtu aliyejibana."
Akavuta. Nikakuta mbavu, nikakuta kovu la kidole tumbo,
nikakuta mabega ambayo sikuwahi kuyashonea kitu.

Halafu mkasi, kutoka kiunoni hadi shingoni, polepole,
akachomoka kama njegere.
Mara ya kwanza kumtoa ilinichukua saa kumi na tisa.

Gamba lile tulilijaza magazeti, likasimama kando ya friji
bila kichwa. Asubuhi mbili tatu nililisalimia.

Ikaja mikeka ya sponji kutoka jimu iliyofilisika,
gundi ya viatu, vumbi jeusi hadi kwenye sukari.
Bi Wiesława wa chini akagonga dari kwa ufagio kwa sababu ya harufu.
Ziemek aliipasha sponji kwa hewa moto, akaikunja juu ya goti,
akashikilia, midomo ikihesabu.
Udongo uwahi ungali maji;
sponji iwahi ingali moto. Nani alimfundisha? Si mimi.

Mimi nilijipa kazi ya mikanda. Yaani, usiku mmoja niliifumua yake,
iliyoshonwa kama na mtu anayekimbizwa,
nikaishona upya bila kuuliza.
Neno la tano: "Usiguse."
Siku tatu nikala peke yangu. Ya nne,
bega la kushoto likadondoka aliponyanyua mkono,
na neno la sita likapita chini ya mlango:
"Sindano?"

Aprili, siku ya maonyesho, lifti ilimkataa.
Tukamshusha ngazi kwa ubavu, kama kabati,
Bi Wiesława mwenyewe akishika goti.
Kwenye tramu hakuweza kuketi. Tiketi ikaanguka.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
lakini huyu hainami;
nikainama mimi.

Ukumbini alivaa chapeo. Feni mbili za kompyuta mbovu zikanguruma,
taa za buluu zikawaka, uso ukapotea nyuma ya kioo cheusi,
na mwanangu akaanza kusema.
Alimweleza msichana mwenye mabawa ya maboksi
kwamba gundi nyeupe hupakwa mara saba,
kwamba kutu ile ni unga wa kahawa,
kwamba mikanda, eti, "ni ya mama, yeye ndiye fundi."
Nilikuwa nyuma ya nguzo na sweta lake na mkate wa mayai.
Kuhesabu nilishindwa mapema.

Agosti deraya ilimbana kifuani. Iko juu ya kabati.
Gamba la tepu nilitaka kulitupa jana, halikuingia kwenye pipa,
nikapanda nalo ghorofa nne, nikalivalisha aproni.
Ziemek akapita na glasi ya maziwa,
akasimama,
akalegeza kamba ya aproni, akaifunga tena.
"Ilipinda," akasema.