Jumatano, Saa Mbili Usiku

Kaka yangu ametia saini karatasi, kurasa kumi na tisa,
kwamba hatasema.
Kwa hiyo hasemi.
Kila Jumatano anaketi nasi kwenye kochi la kahawia,
hapa Butte, Montana, theluji imepanda hadi dirishani,
anajitazama kwenye runinga
akiwa bado hajajua.

Yule wa kwenye kioo ana ndevu, ana mbavu zote.
Anaingia jumba la Las Vegas na begi la kijani la marehemu baba.
Vijana kumi na sita, vitanda vya ghorofa,
hakuna simu, hakuna gazeti, saa zimetolewa ukutani,
kamera hadi juu ya jokofu.
Chini ya jina lake wameandika MCHIMBAJI.
Emmet! Hajashika sururu maishani.
Shimo la shaba lilifungwa kabla hajazaliwa;
alichochimba yeye ni theluji, mlangoni kwa Bi Trevenna,
dola kumi kwa asubuhi.

Juma la kwanza mtu wa Fresno alikula mayai ya mwenzake,
mlango ukavunjwa.
Juma la pili kocha wa bluu alimchagua Emmet wa mwisho,
kama apokeaye chenji bila kuihesabu.
Mama akairushia runinga soksi.
"Utamwona!" akamwambia kocha. "Ngoja tu, utamwona!"
Emmet akainuka kwenda kutia chumvi
kwenye bakuli la bisi lenye chumvi tayari.

Siri ya mtungi muulize kata.
Ukuta wetu ni mwembamba, mimi nalala upande wa pili.
Nimemsikia akishuka kitandani kwa awamu:
mguu, kiwiko,
halafu kimya kirefu,
halafu pumzi.
Nikapiga hesabu: ameshindwa.
Nikapiga tena: hata washindi huvunjika.

Juma la tano lilikuwa bafu.
Kilo tatu na nusu zitoke kabla ya alfajiri.
Maji ya moto, chumvi ya mawe, taulo kichwani,
na ukingoni mwa bafu ameketi Tavita Leota wa Carson,
mabega kama kabati,
anamsomea maandishi ya chupa ya shampuu
maana vitabu vimekatazwa.
Paka. Sugua. Suuza. Rudia ikihitajika.
Emmet anacheka, midomo imepasuka.
Na huyo Leota ndiye wa kupigana naye.

Leo ni leo.
Tangazo la gari, tangazo la dawa ya kiungulia, gari tena.
Raundi ya kwanza ni yetu, hata jirani kasikia.
Raundi ya pili, dakika ya tatu, goti.
Sauti yake ni ndogo, kama kitabu kilichoanguka chumba kingine.
"Inuka!" mama amesimama na vidole vya unga. "Inuka, Emmet, inuka!"
Na Emmet, hapa, kwenye kochi,
kiganja chake kimekwenda chenyewe ubavu wa kushoto.

Mwamuzi akaingia kati.

"Samahani," kaka akasema.
Sasa aliruhusiwa.
Mama akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.
"Nilijua tangu Oktoba. Ulishuka basi ukanikumbatia kwa mkono mmoja."
"Sasa ulikuwa ukishangilia nini, majuma yote haya?"
Akaelekeza kidevu kwenye kioo,
pale Leota alipokuwa anamkalisha juu ya kigoda,
anamfungulia glavu.
"Yule," akasema, "hakuwa na mtu mle ndani."

Bado majuma sita.
Mkataba hauwaachi walioshindwa waende nyumbani;
wanabaki jumbani, wanapika, wanaosha vyombo.
Jumatano ijayo atapita nyuma ya picha, sekunde mbili,
amebeba sufuria kwa mkono wa kulia.
Mama ameshanionya:
mtu asiguse rimoti.